Viatu vya Kikundi Huozea Stoo, Si Uwanjani

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, katika siku ya mafunzo ya kutunza mali ya pamoja. Wengi waliomba nakala, ndiyo sababu tumeyaandika hapa karibu kama tulivyoyasema.)



Wenzetu waliotutangulia asubuhi wamesema juu ya ng'ombe wa maziwa na juu ya tanki la maji. Hayo ni mambo makubwa. Sisi tumekuja kusema juu ya viatu vya mpira, zile njumu za vijana. Msicheke kwanza. Kikundi chetu kiliponea chupuchupu kuvunjika, na kilichotaka kukivunja hakikuwa deni wala siasa. Ni gunia moja la viatu vilivyolowa.

Ilikuwa hivi. Tuna timu mbili, ya wavulana na ya wasichana. Zamani walicheza miguu mitupu, na wengine kwa raba zilizotoboka. Tukachanga, tukauza mayai na mboga, tukatuma watu wawili Nairobi, soko la Gikomba, wakarudi na jozi 16 za mitumba. Kila jozi shilingi 700. Pigeni hesabu wenyewe: 11,200. Kwa kikundi kama chetu hizo si pesa ndogo. Tukakubaliana viatu ni vya timu zote mbili. Wavulana wacheze Jumamosi jioni, wasichana Jumapili mchana. Tukaona tumetenda haki.

Mvua ya masika ikaanza. Wavulana wakimaliza mechi wanavua, wanatia viatu kwenye gunia na matope yake, gunia linatupwa stoo kando ya mbolea. Kesho yake wasichana wanafungua gunia, wanavaa viatu baridi, vizito, vinanuka. Wiki ya tatu msichana mmoja vidole vyake vya miguu vikaanza kuwasha na kuchubuka katikati. Walipolalamika, mmoja wetu, tena mzee wa kamati, akasema: "Basi tuvikaushe." Akapanga viatu kuzunguka jiko la makaa usiku kucha. Asubuhi vilikuwa vimekauka, ndiyo. Lakini vilikuwa vigumu kama mbao, na mechi iliyofuata soli zikaanza kufunguka kama mdomo wa samaki.

Kufikia mwezi wa sita, katika jozi 16 zilibaki 5 za kuvalika. Na mnajua zilivaliwa na nani? Wavulana, kwa sababu wao ndio walikuwa na mashindano. Wasichana wakaacha kuja mazoezini. Tulipowaita mkutanoni, mmoja wao akasimama akatuambia: "Mlisema viatu ni vya wote. Lakini wavulana walipewa viatu, sisi tukapewa maji." Akakaa. Hakuna mzee aliyepata la kujibu.

Ndipo tulipobeba vile viatu hadi kwa fundi wa viatu pale sokoni, tukamwuliza ni nani ametuuzia vitu vibovu. Fundi akafungua kimoja mbele yetu kwa kisu, akatuonyesha ndani. Akasema, "Viatu havikuwa vibovu. Mliviua wenyewe." Yale aliyotufundisha siku hiyo ndiyo tunayowaletea leo.

KWA NINI KIATU KINAKUFA

Kwanza, maji. Kiatu cha ngozi kinakunywa maji ya mvua kwa nje na jasho la mguu kwa ndani. Jasho lina chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya ngozi inaikausha na kuipasua. Kiatu kikifungiwa gizani kikiwa kimelowa, ukungu unaota upesi, pengine kwa siku mbili tu. Ukungu unaleta harufu na kuozesha nyuzi za kushonea. Ukiona mshono umekatika peke yake, usilaumu nyuzi. Laumu gunia.

Pili, moto. Hapa ndipo wengi tunapokosea kwa nia njema. Nani hajaona ngozi ya mbuzi ikianikwa juani? Inakuwa ngumu mpaka inalia ukiigonga. Kiatu cha ngozi kikiwekwa karibu na jiko ni vivyo hivyo: kinajikunja, kinakakamaa, halafu kinapasuka pale vidole vinapokunjia. Tena soli imeshikwa kwa gundi, na gundi ikipata joto inalegea. Mtu atasema, "Vyetu si vya ngozi, ni vya plastiki." Sawa, plastiki haikunywi maji, lakini inayazuia ndani yasitoke, na gundi yake ni ile ile. Jua kali la mchana nalo ni moto. Ukianika hapo kila wiki, plastiki inapauka na kukatika.

Tatu, kukosa hewa. Kitu kinachokausha kiatu bila kukiumiza ni upepo. Upepo hauuzwi, lakini unahitaji muda, na muda ndio sisi tulikuwa hatuutoi.

KAZI YA KUFANYA BAADA YA KILA MECHI

Haya ndiyo tunayofanya sasa. Hayahitaji hela.

1. Matope yatolewe pale pale uwanjani kabla hayajakauka. Gonga soli kwa soli, chokoa kwa kijiti katikati ya meno, kisha pangusa kwa tambara lenye maji kidogo. Usizamishe kiatu ndani ya karai, wala usikifue kwa sabuni ya unga kama shati.

2. Fungua kamba zote, vuta ulimi mbele mdomo uwe wazi, toa ile soli ya ndani uianike pembeni. Kiatu kilichofungwa kamba hakipumui.

3. Jaza karatasi za gazeti zilizokunjwakunjwa mpaka kwenye vidole. Gazeti linafyonza maji. Lakini sikilizeni sana: baada ya saa moja au mbili litoe, tia jingine kavu. Gazeti lililolowa ukiliacha ndani, umerudisha maji pale pale. Kama gazeti hakuna, vitambaa vikuukuu vya pamba vinafaa.

4. Weka kivulini penye upepo, kama varanda, juu ya ubao au waya. Usiweke sakafuni. Laza kiatu ubavu ili upepo upite ndani. Kiache usiku mzima, na wakati wa masika kiache siku mbili.

5. Kikishakauka kabisa ndipo kipakwe rangi ya viatu, kidogo tu. Ukipaka kikiwa kimelowa unafungia maji ndani.

Kuna mama mmoja aliuliza kama jivu linafaa, maana jivu linakausha. Swali zuri. Jivu lisitiwe ndani ya kiatu. Watengeneza ngozi wa zamani walitumia maji ya jivu kulegeza manyoya yang'oke kwenye ngozi mbichi. Kitu chenye nguvu hiyo kitaifanya nini ngozi ya kiatu chako? Mzee mwingine akataja mafuta ya ng'ombe. Ni kweli yanalainisha ngozi, lakini panya nao wanayapenda. Tulijaribu, tukapoteza ulimi wa viatu viwili.

FUNZO KUTOKA KWENYE BARAFU

Kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alipotukuta tukipanga viatu varandani, akacheka. Akasema, "Mnafanya kama wale wa barafu." Sisi hatukujua anasema nini, akatueleza.

Kuna hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, ambako mwaka 2005 palifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya jengo. Vijana wa Nairobi wakajifunza kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, wakaunda timu inayoitwa Ice Lions. Mwaka 2018 walisafiri hadi Canada kucheza, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Na hii Kenya ni nchi ya ikweta!

Viatu vyao vimefungwa bapa la chuma chini, lenye makali. Mtu angedhani hapo hakuna matope, kwa hiyo hakuna kazi. Lakini barafu si ni maji? Kila mchezaji akitoka, chuma kinabaki na barafu iliyosagika, ikiyeyuka kinalowa, na kesho kina kutu. Kutu ikila makali, kiatu hakishiki tena, mchezaji anaanguka. Na ndani ya kiatu mna jasho tele, hata kama nje ni baridi.

Kwa hiyo wanaojua kuvitunza hupangusa bapa kwa kitambaa kikavu mara tu wanapovua, kisha baada ya muda kidogo hupangusa tena. Kwa nini mara mbili? Chuma kilichotoka kwenye baridi kikiingia mahali pa joto hutoa umande, kama chupa ya soda baridi ukiiweka mezani. Tena kile kifuniko cha plastiki cha kutembelea hawakiachi juu ya bapa kinapowekwa, maana kinashika maji. Wanatumia kitambaa. Soli ya ndani wanaitoa, kamba wanazilegeza, na hawaviweki karibu na moto. Je, hayo si yale yale ya fundi wetu wa sokoni?

Sisi tulichukua hapo jambo moja tulilokuwa tumelisahau: chuma. Njumu nyingine zina meno ya chuma ya kufungua. Sasa tunayafungua, tunayapangusa, tunatia tone la mafuta kwenye nyuzi zake, la sivyo yanashikana na kutu na hayatoki tena.

KUWEKA VIATU WAKATI HAKUNA MECHI

Mashindano yakiisha viatu vinaweza kukaa miezi. Hapo ndipo vingi hufa bila mtu kuona. Tulitengeneza sanduku la mbao lenye matundu, tukalifunga wavu mdogo wa waya kuzuia panya, tukaliinua juu ya mawe. Kila kiatu kinajazwa gazeti kavu kisipoteze umbo. Hatutumii mfuko wa plastiki wala gunia.

Tena viatu havikai chumba kimoja na mbolea au dawa za shamba. Mbolea ya chumvichumvi inavuta unyevu na inakula chuma, na dawa ni sumu kwa ngozi ya miguu ya watoto wetu. Kila wiki mbili mtu mmoja anafungua sanduku. Akiona ukungu, anatoa kiatu nje, anapangusa kwa kitambaa kikavu na kukiacha kwenye upepo.

NANI ATAFANYA?

Wapendwa, hayo yote mnaweza kuyasikia leo na kesho gunia likarudi stoo. Shida yetu haikuwa kutojua peke yake. Shida ilikuwa kwamba aliyelowesha kiatu hakuwa yule aliyekivaa kikiwa kimelowa. Kwa hiyo tulibadilisha mambo manne.

La kwanza, siku. Wavulana sasa wanacheza Alhamisi, wasichana Jumapili. Viatu vinapata siku mbili za upepo. Hata fundi bora hawezi kukausha kiatu cha masika kwa usiku mmoja.

La pili, timu iliyolowesha ndiyo inakausha. Manahodha wanakabidhiana mkono kwa mkono. Nahodha wa wasichana anatia mkono wake ndani ya kila kiatu. Akigusa unyevu, hatii sahihi. Wavulana walinung'unika sana mwanzoni. Sasa wamezoea.

La tatu, kila jozi ina namba iliyoandikwa kwa rangi, na kila mchezaji ana soksi zake mwenyewe. Ugonjwa wa vidole unaambukizwa kwa viatu vya kushirikiana, hasa vikiwa na unyevu. Mwenye kuwashwa haazimi kiatu mpaka atibiwe.

La nne, kila mchezaji anatoa shilingi kumi kwa mechi. Mweka hazina anaziandika kwenye ukurasa wake peke yake. Hizo ni za fundi. Mshono ukifunguka kidogo, unashonwa wiki hiyo hiyo.

Tulinunua jozi nyingine 12. Hii ni masika ya tatu, na kumi ziko imara. Mbili fundi amezishona soli, nazo zinachezewa. Yule msichana aliyetunyamazisha mkutanoni ndiye nahodha siku hizi, na ndiye anayetia mkono ndani ya viatu. Hajawahi kukosa.

Mali ya pamoja haiharibiki siku ya kazi. Inaharibika ile saa ya kwanza baada ya kazi, wakati kila mtu amechoka na anataka kwenda nyumbani. Kama ni kiatu, kama ni pampu ya dawa, kama ni panga, ulizeni: saa ile ni ya nani?



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni kitu gani cha kikundi chetu kinachowekwa kikiwa kimelowa au kichafu? Nani hukikuta hivyo?

2. Je, zamu zetu zinatoa muda wa kutosha wa kukisafisha na kukikausha?

3. Nani anakipokea, na anatia sahihi wapi?

4. Kikiharibika kidogo, pesa za fundi zinatoka wapi?