Mashine ya Mashua Iwe ya Ukubwa Gani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama walio wavuvi)



Shauri tulilotakiwa kulisema leo ni ukubwa wa mashine inayopachikwa nyuma ya mashua ya kuvulia ghubani. Huenda mtu akauliza: jambo hili lahusu nini chama cha wafanyakazi? Jawabu letu ni fupi. Mashine hunywa petroli, na petroli hutolewa katika pato kabla baharia hajapata hata senti moja.

Ninyi mwajua desturi ya mgawo. Mashua ikirudi, samaki huuzwa, kisha hutolewa gharama za petroli, oili, barafu na chakula. Kinachobaki ndicho kigawanywacho mafungu: fungu la chombo, fungu la mashine na nyavu, na mafungu ya mabaharia. Desturi hutofautiana kidogo baina ya pwani na pwani, lakini mara nyingi petroli hutangulia. Basi ikinunuliwa mashine kubwa kupita kiasi, bei yake hulipwa mara moja dukani, lakini ulafi wake hulipwa na wote kila siku ya kwenda baharini. Kwa hivyo twasema ya kwamba ukubwa wa mashine ni shauri la mshahara, na mabaharia wana haki ya kuulizwa.

Jambo la kwanza ni kuitazama ghuba yenyewe. Ghuba zetu si sawa. Gazi, upande wa kusini wa Mombasa, imekingwa na Chale upande wa mashariki na mwamba upande wa kusini. Mashua inayovua ndani yake haiendi mbali, na bahari yake haina hasira nyingi. Lakini Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi mpaka karibu na Kipini, ni pana na iko wazi. Mto Sabaki na Mto Tana humwaga maji yao humo. Tangu Aprili mpaka Septemba hivi, kusi huvuma kwa nguvu, na pale maji yatokayo mtoni yanapopambana na upepo, mawimbi husimama. Tena katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3, na mkondo wake ni mkali katika milango ya bahari. Mashine iliyo kubwa mno kwa Gazi yaweza kuwa ya haki kwa Ungwana. Basi asikudanganye mtu kwa kusema, "Fulani ana mashine kama hii." Muulize kwanza, fulani huvua wapi?

Jambo la pili ni urefu wa mashua. Mashua ya mbao yenye mkuku na tumbo la mviringo haipandi juu ya maji, huyapasua. Ikienda huinua wimbi mbele na wimbi nyuma, na mwendo wake hufungwa na urefu wake. Hesabu yake ni rahisi. Pima urefu wa mashua pale inapogusa maji, kwa futi. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe itatoa urefu huo, kisha uizidishe kwa 1.34. Mashua ya futi 25 majini, namba yake ni 5, maana 5 mara 5 ni 25. Basi 5 mara 1.34 ni 6.7, yaani maili 6.7 za bahari kwa saa. Huo ndio karibu mwisho wa mwendo wake wa kawaida. Ukiisukuma zaidi, tezi huzama, omo huinuka, na nguvu nyingi hupotea katika kuinua mawimbi tu. Kutoka maili 6 mpaka maili 7 kwa saa, nguvu inayotakiwa huongezeka kwa nusu na zaidi. Hiyo ni maili moja tu ya ziada.

Jambo la tatu ni uzito. Mashua ipimwe kama inavyorudi na samaki. Ikiwa tupu ufuoni haitupi habari ya kweli. Tufanye mfano: mashua yenyewe kilo 1,000, watu 5, kilo 350, nyavu, nanga na kamba, kilo 150, mashine na petroli, kilo 80, barafu, kilo 150, samaki, kilo 270. Jumla ni kilo 2,000, yaani tani 2. Kwa mashua nzito ya namna hii, kadiri ya nguvu 3 mpaka 5 za farasi kwa kila tani hutosha. Tani 2 zataka nguvu 6 mpaka 10. Tukiongeza akiba ya kurudi dhidi ya kusi na mkondo, twapata mashine ya 15. Hapo twaweza kukoma.

Sasa tuone petroli. Mashine ya 15 ya namna ile ya kuchanganya petroli na oili, ikifunguliwa mpaka mwisho, hunywa karibu lita 7 kwa saa. Ya 40 ya namna hiyo hiyo hunywa karibu lita 19. Tuseme mahali pa kuvua ni maili 6 kwenda na maili 6 kurudi, jumla maili 12. Mashine ya 15 ikienda maili 6 kwa saa itatumia saa 2, na hata ikiwa wazi kabisa haitapita lita 14. Ile ya 40, tuseme itailazimisha mashua hiyo hiyo kwenda maili 8 kwa saa. Itafika kwa saa moja na nusu, nayo itakunywa zaidi ya lita 28. Tumepata nusu saa, tumepoteza lita 14. Kwa safari 20 za mwezi, hizo ni lita 280. Kila mmoja azidishe kwa bei ya petroli ya siku hiyo, kisha agawanye kwa mafungu, ataona ni siku ngapi amefanya kazi kwa ajili ya kituo cha petroli.

Mtu atasema, "Nitanunua ya 40 na kuiendesha pole pole." Kweli, petroli itapungua. Lakini ameinunua kwa bei kubwa, na badala ya kilo 40 hivi amebeba kilo 70 na zaidi kwenye ubao wa nyuma. Ubao huo ukiwa haukufanywa kwa nguvu kama hizo, misumari hulegea na maji huingia. Tena ni nadra mwenye mashine ya 40 kuvumilia kuitumia kama ya 10, hasa mashua nyingine inapompita!

Tusiwadhulumu wenye boti nyepesi za faiba zenye tako pana. Hizo hesabu yake ni nyingine, kwa sababu zaweza kupanda juu ya maji na kuteleza. Lakini ili ziteleze, zataka nguvu moja ya farasi kwa kila kilo 25 hivi, pamoja na watu na samaki. Boti ya jumla ya kilo 1,000 yaweza kuteleza kwa mashine ya 40. Mtu akitaka kupeleka tani 2 kwa mwendo huo, atahitaji mashine ya 80, na kama tumbo la chombo chake ni la mviringo hatateleza hata hivyo.

Pia hatusemi mashine iwe ndogo kwa ajili ya ubahili. Mashine inayofunguliwa mpaka mwisho kutwa nzima hufa upesi, na ile isiyoweza kushinda upepo na mkondo huhatarisha roho za watu. Kipimo chetu ni hiki: mashua ikiwa na mzigo wake wote, iende mwendo wake wa kawaida kwa robo tatu za nguvu ya mashine. Robo inayobaki ni ya siku mbaya. Na mashine iwe kubwa au ndogo, tanga na makasia yasibaki nyumbani, wala maboya ya kuvaa.

Kabla ya kulipa, angalieni mambo mawili zaidi. Kwanza, urefu wa mguu wa mashine. Mguu mfupi ni wa ubao wa inchi 15, na mrefu ni wa inchi 20. Bamba lile lililo juu ya rafadha likae sawa na chini ya mashua au chini yake kidogo. Likiwa juu, rafadha hula hewa badala ya maji, na mashine hupiga kelele bila kusukuma. Pili, rafadha yenyewe. Ile ya boti ya mbio haifai mashua nzito. Mashua nzito hutaka rafadha yenye msokoto mdogo, ili mashine iweze kufikia mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake. Ikishindwa kuifikia, huchoka kama punda aliyezidishiwa mzigo. Mara nyingine mtu hununua mashine kubwa zaidi, hali ugonjwa wake ulikuwa rafadha tu.

Ndugu wanachama, mali bila daftari hupotea bila habari. Shauri letu kwenu ni kwamba kila mashua iwe na daftari dogo. Kila safari ziandikwe lita zilizotiwa, lita zilizorudi, saa za mashine, mahali palipovuliwa na kilo za samaki. Baada ya miezi mitatu, mabaharia watakuwa na hesabu mikononi. Siku tajiri anapotaka kununua mashine mpya, waende kwake kwa adabu, wamwonyeshe urefu, uzito na lita. Hata yeye ana fungu lake, nalo pia hupunguzwa na petroli, basi hana sababu ya kukataa hesabu iliyo wazi. Na wale kati yetu wanaochanga akiba zao ili wanunue mashua ya shirika, wafanye hesabu hii kabla ya kuingia dukani, maana mwuza mashine hawezi kuijua mashua asiyoiona.

Bahari haiulizi mtu ana mashine ya farasi wangapi, wala samaki hawaongezeki kwa sababu tumefika nusu saa mapema. Tuchague mashine inayotosha, ili kazi ya mikono yetu irudi nyumbani kwetu.