Kujitosheleza Nyumbani Katika Siku za Dhiki



Tumetakiwa tuzungumzie jambo ambalo kila mwenye nyumba analijua kwa jasho lake, nalo ni kuendesha nyumba wakati fedha haitoshi. Hatukusudii kuhimiza subira peke yake, maana aliyekosa unga hashibi kwa kuambiwa asubiri. Tutasema yale yanayofanyika jikoni, uani na katika daftari.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Taifa lilitakiwa lifunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule ukakaa kiunoni miaka mingi zaidi. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya kaya kungojea sukari, na sabuni ilipoadimika wakafulia majani ya mpapai. Wakati ule mtu aliweza kuwa na fedha mfukoni na bidhaa isiwepo dukani. Leo duka limejaa, mfuko ndio mtupu. Dhiki ile ilidai uvumilivu wa foleni. Hii yadai hesabu.

Na hesabu ya kwanza ni hii, kwamba maskini hununua kwa bei kubwa kuliko tajiri. Anayenunua mkaa kwa kopo na mafuta ya kupima, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya yule aliyenunua gunia na dumu. Hafanyi hivyo kwa ujinga, bali hana fedha ya gunia kwa mkupuo mmoja. Basi majirani watatu au wanne na wachange, wanunue gunia, wagawane kwa kopo lile lile. Jambo hili halihitaji katiba wala mwenyekiti. Linahitaji uaminifu wa kupima, na sote twajua jinsi dini yetu inavyowakemea wapunjao vipimo.

Mkaa wenyewe waweza kupunguzwa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya. Yasipungue dakika 10 yakitokota, hasa maharage mekundu, kwani yana sumu isiyoondoka kwa moto hafifu. Hapo sufuria, ikiwa imefunikwa vizuri, iingizwe katika kikapu kilichotandikwa matambara mazito au blanketi kuukuu, na kufunikwa gubigubi. Joto lililomo litaendelea kuivisha saa kadhaa bila mkaa wowote. Yakibakia magumu kidogo, yarudishwe jikoni kwa muda mfupi. Wako watakaocheka kuona sufuria imelazwa kama mtoto mchanga. Waacheni wacheke, nanyi hesabuni mkaa uliobaki.

Asiye na shamba asiseme hana pa kupanda. Gunia moja la udongo uliochanganywa na samadi lasimama hata kwenye kibaraza. Katikati yake weka kopo lililotolewa kitako, ulijaze kokoto, na kadiri udongo unavyopanda ulivute juu, mpaka ibaki nguzo ya kokoto ya kupitishia maji hadi chini. Kisha toboa matundu ubavuni na upande sukuma wiki. Juu panda mchicha, ambao huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanatosha kuunywesha, ila yasiwe ya sabuni.

Kuhusu akiba ya chakula, Nabii Yusuf (a.s.) alipowaongoza watu wa Misri kujiandaa kwa miaka 7 ya ukame, aliwaelekeza waiache nafaka ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo ya kula. Yaani kuweka akiba ni pamoja na kujua namna ya kuihifadhi. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Yakaushwe juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, na yenye ukungu yasiliwe kwa kisingizio cha kubana matumizi. Yaliyokauka vyema yakitiwa katika mfuko usiopitisha hewa, wadudu hufa kwa kukosa pumzi, wala hakuna haja ya dawa.

Limebaki daftari. Tunawaomba akina baba wavumilie neno hili. Nyumba ambayo mke hajui mume anapata nini, na mume hajui unga unauzwaje, haiwezi kubana matumizi; kila mmoja hukata asipopajua. Andikeni pamoja, hata vocha ya simu na soda ya barabarani. Deni la dukani nalo liandikwe siku ile ile. Na mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, ambayo riba yake hulipwa kila siku au kila wiki hadi vyombo vya ndani vikabebwa, isiingie nyumbani mwetu hata kwa shida ya ada. Ni afadhali kumwendea ndugu na kueleza hali ilivyo. Na anayeendewa asiitangaze siri hiyo barazani, maana aibu ndiyo inayowasukuma wengi kwa wakopeshaji.

Vipando vya matembele vimewekwa kwenye ndoo, karibu na mahali pa kutawadhia. Baada ya sala kila mmoja achukue vitatu vitatu, na akina mama wapewe kwanza.