Mashauri ya Mali baada ya Talaka: Muda baina ya Kufungua Shauri na Hukumu

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa shehia



Mazungumzo haya yanahusu kipindi kilichopo baina ya siku shauri la mali linapofunguliwa na siku hukumu inapotolewa. Mengi husemwa juu ya talaka yenyewe, na mengi juu ya hukumu. Kipindi cha kati hakizungumzwi sana, ingawa ndicho ambamo mali nyingi hupotea.

Kwa miaka zaidi ya thelathini Kadhi wa Zanzibar alifanya kazi chini ya Sheria Nam. 3 ya mwaka 1985. Sheria hiyo ilimpa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, lakini haikueleza waziwazi nani agawe mali waliyoichuma mume na mke pamoja. Mke aliyeachwa, akidai sehemu yake katika nyumba, aliweza kujibiwa kwamba dai lake si la Kadhi. Sheria Nam. 9 ya mwaka 2017 ilichukua nafasi ya ile ya 1985, na ikampa Kadhi mamlaka ya kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango wa kweli. Maneno hayo, mchango wa kweli, ndiyo yanayozaa mabishano karibu yote.

Ichukuliwe hali ya pwani ya mashariki ya Unguja. Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara huko mwaka 1989, wanawake wengi wa Paje, Jambiani na vijiji vya jirani wamekuwa na fedha zao wenyewe. Aghalabu fedha hizo hazifiki benki. Mwezi huu hununua matofali, mwezi ujao mabati. Au hulisha watoto ili kipato cha mume kiende kwenye saruji. Nyumba husimama juu ya kiwanja cha mume, pengine cha baba yake mume, na hati ya mauziano, kama ipo, ina jina moja tu. Risiti hazikutunzwa, kwani nani huomba risiti kwa mumewe? Mashahidi waliobaki ni fundi aliyejenga na jirani aliyeona matofali yakishushwa.

Shauri la namna hiyo likiahirishwa mara sita, ushahidi wake hauahirishwi pamoja nalo. Fundi huhama, jirani huzeeka. Katika talaka rejea mke ana haki ya makaazi na matumizi kwa muda wote wa eda, lakini eda ni tohara tatu, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, na shauri la nyumba huweza kuchukua miaka. Eda ikimalizika yeye hurudi kwa wazee wake. Aliyebaki ndani ya nyumba huweza kuipangisha, kuiuza, au kuingiza mke mwengine ambaye naye kesho atatia fedha zake katika ukuta uleule. Hali huweza pia kuwa kinyume. Mume aliyekuwa Maskati akituma fedha za ujenzi hurudi akakuta kiwanja kimeandikwa jina la shemeji. Kwa vyovyote, ahirisho humnufaisha aliyeshika mali.

Kwa sababu hiyo kikao cha kwanza kina uzito kuliko kinavyopewa. Inafaa kila upande uje na orodha ya mali, na orodha hizo zisomwe mbele ya wote wawili. Mara nyingi huonekana kwamba wanabishania nyumba moja tu, na vyengine vyote wamekubaliana. Mali ya urithi, ya wakfu, au ya mke mwenza itengwe mapema, na mwenyewe aitwe asikilizwe kabla ya hukumu, asije kufungua shauri jipya baada yake. Mali inayobishaniwa iwekewe zuio la kuuzwa siku hiyohiyo. Mahari iliyobaki na matumizi ya eda hayana haja ya kungoja fundi apatikane. Yaamuliwe kwanza, kwani ndiyo chakula cha leo. Kisha mashahidi waitwe kwa jambo linalobishaniwa tu, kwa tarehe zilizokwisha kutajwa.

Suluhu ina nafasi yake, na kuweka hakamu kutoka kwa jamaa za pande mbili ni jambo lenye asili katika sharia. Hata hivyo suluhu isiyo na mwisho ni ahirisho kwa jina jengine. Isitoshe, katika vikao vya ukoo anayeombwa kusamehe huwa mara nyingi ni mmoja. Ipewe muda unaojulikana. Ikishindikana, shauri liendelee.

Upande wa Tanzania Bara hutumika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Huko, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Wanaolitaja shauri hilo husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupewa kitu, kwa kuwa ilionekana alikuwa ametumia ovyo fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Msingi wa sheria haukumwondolea mdai haja ya hesabu.

Masheha na makarani wanahusika moja kwa moja. Sheha aliyeshuhudia mauziano ya kiwanja atunze nakala na aandike ni nani aliyetoa fedha, si jina la mnunuzi peke yake. Karani anayepokea madai aulize orodha ya mali siku ya kufungua, asingoje siku ya kusikilizwa.

Asiyeridhika na hukumu ana njia ya rufaa hapahapa Zanzibar. Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, mambo ya sharia ya Kiislamu yaliyoanzia katika Mahkama ya Kadhi hayafiki Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ushahidi ambao haukuletwa mbele ya Kadhi ni vigumu kuuingiza katika ngazi ya rufaa.