Nani anakaa katikati ya muuzaji na munuzi?
Maneno yetu mbele ya vijana wa Kolwezi

Asante kwa kuja, hata nyinyi muliotembea kwa miguu sababu feza ya pikipiki ilikosa.

Leo tunaongea juu ya sheria ya mbali: sheria za Marekani juu ya kuuza motokari za umeme. Mutatuuliza, hiyo inatuhusu nini? Mutuvumilie kidogo.

Kule Marekani, kiwanda hakikuuzii motokari vile kinapenda. Katika majimbo mengi, sheria inasema lazima upite kwa muuzaji wa katikati, mwenye magazini yake katika muji wenu. Sheria hiyo haikuanza kwa ubaya. Zamani, viwanda vikubwa kama Ford na General Motors vilikuwa vinawalazimisha wauzaji wadogo kupokea motokari ambazo hawakuomba. Ukikataa, wanakufungia. Kuanzia miaka ya 1930 majimbo yakaweka sheria: mukubwa asimumeze mudogo. Hapo, sisi tungepiga makofi.

Kisha Tesla ikaja. Yenyewe haina muuzaji wa katikati hata mumoja. Inataka kuuzia raia moja kwa moja. Basi vyama vya wauzaji vikakimbilia sheria ya zamani. Mwaka 2014 jimbo la Michigan, kwenye makao ya viwanda vikubwa vya motokari, likakaza sheria yake. Tesla ikaenda kortini mwaka 2016, na mapatano yakapatikana mwaka 2020 tu. Texas iko na kichekesho chake: Tesla inatengeneza motokari pale Austin, lakini haina ruhusa ya kumuuzia mwenyeji wa Texas moja kwa moja. Ununuzi unaandikwa kama vile umefanyika inje ya jimbo. Huko New Mexico, mwaka 2021, Tesla ilifungua nyumba yake kwenye udongo wa kabila la Nambé, sababu sheria ya jimbo haifiki pale. Colorado ilichagua njia ingine: mwaka 2020 iliruhusu kampuni za motokari za umeme zisizo na wauzaji wa katikati kuuza zenyewe.

Tusiwe watoto, wandugu. Tesla si rafiki ya maskini. Na wauzaji wa katikati wako na neno lao: wanasema wanalipa wafanyakazi katika miji midogo, na motokari ikiharibika wako karibu na muteja. Ni neno la kusikiliza. Lakini swali linabaki: sheria iliyowekwa kumukinga mudogo, leo inamukinga nani?

Sasa turudi nyumbani. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, na sehemu kubwa iko hapa chini ya miguu yetu. Si kila betri inaitumia, lakini nyingi zinaitumia. Kule mwisho wa njia, watu wanabishana bungeni na kortini kwa miaka juu ya nani anakaa katikati ya kiwanda na munuzi. Na huku mwanzo wa njia, katikati ya muchimbaji na munuzi, nani anabishana?

Munajua vile inaenda. Kijana anatoka ku shimo na mufuko wake, anafika ku depo. Kilo ni ya mwenye depo. Mashine ya kupima uzuri wa mawe ni ya mwenye depo. Bei anaitaja mwenye depo. Kijana anabaki kusema ndiyo, sababu watoto wanangojea chakula cha leo.

Na sheria ziko! Kode ya mine ya 2018 inataka wachimbaji wa mukono wawe ndani ya koperative. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya EGC, iwe munuzi mumoja tu wa kobalti ya wachimbaji wa mukono, ili bei ikuwe ya haki. Miaka ikapita, mifuko ikaendelea kupita ku depo. Na munuzi mumoja tu, bila mutu wa kumuchunguza, anaweza kuwa depo kubwa kupita zote.

Kwa hiyo hatusemi «ondoeni wa katikati wote». Tunasema: anayekaa katikati aonekane na achunguzwe. Tunaomba mambo matatu. Kila soko la mawe liwe na kilo na mashine ya kupima isiyo ya munuzi. Bei ya siku iandikwe ku ubao, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. Koperative iongozwe na wachimbaji wenyewe, si na wakubwa wanaojificha nyuma ya jina lake.

Wadepite wetu wako na namba za simu. Wakati wa kampeni walizigawa wenyewe. Tuwapigie. Tuwaulize swali moja tu: sheria hii, leo, inamukinga nani? Wakinyamaza, tutarudia kuuliza kesho, na kesho kutwa, bila jiwe na bila fimbo, mpaka wajibu.