NYUMBA ZETU, WAZEE WETU NA KIZINGITI CHA MLANGO
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Kisangani



Katika mikutano yetu tunasema juu ya mishahara, juu ya bei ya chakula, juu ya barabara. Ni vizuri. Lakini leo nimekuja kusema juu ya kizingiti cha mlango. Msicheke. Kizingiti kinaweza kumfunga mtu kama gereza.

Mjomba wangu alichimba mawe miaka mingi. Mguu wake mmoja uliharibika kazini. Alipozeeka aliambiwa asante, na tena aliambiwa atoke katika nyumba ya kampi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya kazi, si ya mtu. Akaja kukaa kwetu. Nyumba yetu ina ngazi tatu mlangoni, kwa ajili ya maji ya mvua. Ngazi tatu tu! Lakini kila mara alipotaka kwenda chooni alingoja vijana warudi toka shuleni wamwinue. Mtu aliyeshuka chini ya udongo maisha yake yote alishindwa kushuka ngazi tatu. Aliona haya, akaacha kunywa maji mchana ili asisumbue watu. Wandugu, hiyo ni heshima gani kwa mfanyakazi?

Tuulize jambo hili lilianzia wapi. Katika Katanga, Union Minière ilianza miaka ya 1920 kuwajengea wafanyakazi na jamaa zao nyumba za kampi, na kompani nyingine zilifanya vilevile. Nyumba zilihesabiwa kwa faida ya kazi: mwanaume mwenye nguvu, mke wake, watoto wake. Nguvu zikiisha, nyumba nayo ilikwisha. Halafu katika mwaka wa 1952 serikali ya Wabelgiji ilianzisha OCA, ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika mijini. Mpaka mwaka wa 1960 OCA ilijenga nyumba karibu 40,000 katika miji mikubwa, na mji wetu, ulioitwa wakati ule Stanleyville, ulipata sehemu yake. Nyumba hizo zilikuwa za matofali na zilijengwa kwa nguvu. Lakini ni nani aliyefikiri juu ya siku ambapo mwenye nyumba atakuwa mzee, au atakapopoteza macho au miguu?

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Sisi wa Kisangani tunajua maana ya neno hilo kuliko watu wengi. Toka tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katikati ya mji wetu. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka katika mtaa na mtaa. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, na watu karibu 1,700 walioumizwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika. Yule aliyelala mzima usiku wa tarehe 4 aliamka bila mguu kabla ya juma kwisha. Hakuzaliwa kilema. Basi asiseme mtu: jambo hili ni la wengine.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa, na milioni 40 ni kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Ofisi ya kugawa malipo hayo, FRIVAO, iliwekwa hapa hapa Kisangani. Sasa nauliza: mtu aliyepoteza mguu na nyumba katika vita moja, akijenga tena, atajenga nyumba gani? Akijenga nyumba ileile yenye ngazi tatu, atakuwa amelipwa na bado amefungiwa nje ya nyumba yake.

Nyumba inayomfaa mzee au mtu mwenye ulemavu si jumba la tajiri. Sikilizeni vipimo, muvishike kichwani.

Kwanza, mlango. Kiti cha magurudumu kina upana wa sentimeta 60 mpaka 70. Mlango upewe nafasi ya sentimeta 80 angalau, na 90 ni bora. Kizingiti kiondolewe.

Pili, ngazi. Kwetu mvua inanyesha karibu kila mwezi, kwa hiyo sakafu lazima iinuliwe. Sawa. Lakini karibu na ngazi tujenge njia ya mteremko. Kipimo chake ni hiki: kwa kila sentimeta moja ya kupanda, sentimeta 12 za urefu. Sakafu ikiinuka sentimeta 30, njia iwe na urefu wa mita 3 na sentimeta 60. Simenti yake isilainishwe, ikwaruzwe kwa ufagio ingali mbichi, ili mtu asiteleze.

Tatu, choo. Mzee wa magoti mabovu hawezi kuchuchumaa. Ajengewe kiti cha matofali juu ya shimo, na ubaoni pembeni kitiwe chuma au mti mgumu wa kushika. Ndani ya choo kuwe na nafasi ya mita moja na nusu kila upande, ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka.

Nne, mfereji wa barabarani. Mbele ya malupango yetu mengi kuna mfereji, na juu yake tumeweka ubao mmoja. Kijana anapita akiimba. Lakini kinga ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, itapita wapi? Mwenyewe anaiacha barabarani, anatambaa katika matope mpaka mlangoni kwake, na usiku anaogopa wezi. Tuweke bamba pana la simenti juu ya mfereji, na baraza yenye paa, mahali pa kufungia kinga hiyo.

Wengine watasema: feza iko wapi? Nawajibu hivi: mlango mpana, ukikatwa siku ya kujenga, unaongeza mbao chache na unapunguza matofali. Kuvunja ukuta baadaye ndiyo gharama. Wengine watasema: wazee wetu wana watoto wa kuwabeba. Ni kweli, na Mungu awabariki watoto hao. Lakini kubebwa kila siku si sawasawa na kutembelea. Tena mtoto naye anakwenda kazini, anakwenda machimboni, anakaa huko miezi. Mama anabaki na nani?

Wala hatuombi sadaka. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kuwa na makao yanayostahili mtu. Kifungu cha 49 kinawapa wazee na wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, kadiri ya mahitaji yao. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nzima juu ya haki za wenye ulemavu. Maneno yapo juu ya karatasi. Sasa yashuke mpaka kwenye simenti.

Basi tutake mambo matatu. Moja: nyumba yoyote itakayojengwa kwa feza ya watu wote, nyumba ya chini ipewe mlango mpana na njia ya mteremko, na wazee wapewe hizo kwanza. Mbili: kompani inayompa mfanyakazi nyumba isimtoe siku ya uzee au ya ajali kabla hajapata mahali pa kukaa, chama cha wafanyakazi kiandike neno hilo katika mapatano. Tatu: wenye ulemavu wenyewe waitwe kabla fundi hajachora, si baada ya ukuta kusimama. Wao ndio wanaojua.

Na sisi wenyewe tusingoje serikali kwa kila kitu. Jumamosi hii, kila mtaa utafute mzee mmoja tu aliyefungwa na ngazi zake. Vijana watano, mifuko michache ya simenti, mchanga wa mtoni, siku moja ya kazi. Siku simenti itakapokauka, huyo mzee atatoka mwenyewe, atakaa barabarani na kuwasalimu wapita njia.

Wahenga walisema pia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni neno zuri. Lakini mimi naongeza: kwanza tuhakikishe kila mtu anaweza kuingia.