Siku Moja ya Akiba

(Maneno ya mratibu wa safari ya vijana mbele ya kamati za parokia na wafadhili, Minnesota)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wafadhili wetu, wazazi wapendwa,

Nimekuja kueleza maandalizi ya safari ya vijana ya mitumbwi na uvuvi, itakayofanyika mwishoni mwa Septemba. Pia nina ombi moja.

Tunakokwenda ni Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota, mpakani na Kanada. Ni pori lenye maziwa zaidi ya 1,000, lililowekwa chini ya sheria ya hifadhi ya mwaka 1964. Hakuna barabara ndani, na maziwa mengi hayaruhusu injini. Kutoka ziwa moja hadi lingine, mtumbwi hubebwa mabegani.

Kundi moja haliruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4. Waliojiandikisha ni vijana 12, hivyo tutakuwa na makundi mawili: kila moja vijana 6 na watu wazima 3. Kila kundi litakuwa na kibali chake na njia yake. Wanaopaswa kuwa na leseni ya uvuvi watakata mapema. Msimu wa trauti wa ziwani hufungwa tarehe 30 Septemba, ndiyo maana hatuwezi kusogeza safari hadi Oktoba.

Vyakula vya makopo na chupa za kioo ni marufuku. Tutabeba mchele, maharage na unga katika mifuko. Usiku chakula kitahifadhiwa kwenye vyombo ambavyo dubu hawezi kuvifungua. Takataka zote tutarudi nazo.

Sasa nije kwenye ombi langu.

Wengi mnafahamu kwamba mwaka jana mtumbwi mmoja ulipinduka. Wengi hamjui sababu. Tulikuwa tumechelewa, na gari lilikuwa linatusubiri siku ile ile. Mchana upepo ulivuma, mawimbi yakainuka. Mimi ndiye niliyesema tuvuke. Vijana wawili walitumbukia. Walikuwa wamevaa jaketi za kujiokolea, na tuliwafikia haraka. Lakini tulipofika ufukweni, mmoja wao alishindwa kufungua zipu yake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Tuliwasha moto, tukawavua nguo mbichi, tukawaingiza kwenye mifuko ya kulalia. Namshukuru Mungu walipona.

Baadhi yetu tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Tunajua kupiga kafi tangu utotoni, na kule mtu akianguka majini huogelea akicheka. Maji ya huku majani yanapopukutika si yale. Baridi humnyang'anya mtu nguvu za mikono kabla hajachoka kuogelea. Ujuzi wetu wa nyumbani ulinidanganya.

Kwa hiyo mwaka huu tumepanga hivi: jaketi itavaliwa wakati wote majini, tutavuka maeneo ya wazi asubuhi, kabla upepo haujaamka, kila mmoja atakuwa na nguo kavu za sufu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kila kundi litabeba kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, kwa kuwa simu za kawaida mara nyingi hazishiki huko.

Lakini yote hayo hayafai kitu kama ratiba inatusukuma. Ninaomba fedha za siku moja zaidi: kodi ya mitumbwi, chakula na gari. Siku hiyo haina kazi. Kama hali ya hewa ni nzuri, vijana watavua samaki. Kama upepo unavuma, tutakaa hemani na kungoja.

Najua mfadhili hupenda kuona fedha yake imefanya kitu. Safari hii naomba mtoe ili tuweze kukaa bila kufanya kitu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wazazi, mkituruhusu tena, nitakuwa nimepewa deni. Nataka kulilipa kwa kuwarudisha wote 12.