VIATU ALIVYOACHA MWALIMU

Masomo: 1 Samweli 2:30, Matayo 5:43-45, Waebrania 13:7



Kuna desturi tunayoijua sisi wote. Mwalimu akifa, matanga yake yanajaa watu. Wanafunzi wake wa zamani wanatoka mbali: huyu amekuwa daktari, yule mchungaji, mwingine mkubwa wa Serikali. Tunachanga franka za sanduku, tunachapisha picha yake juu ya nguo, na kila mmoja anasimama kushuhudia kwamba bila mwalimu huyu asingekuwa mtu. Ni vizuri. Lakini mara nyingi mwalimu huyohuyo, mwezi mmoja tu mbele ya kufa, alikuwa akienda kazini kwa miguu, kiatu kimetoboka, na sisi tulimpita juu ya pikipiki tukimpungia mkono.

Kila tarehe 30 Aprili nchi yetu inakumbuka kazi ya walimu. Basi tujiulize mbele ya Mungu: tunamheshimuje mwalimu? Waebrania 13:7 inatuagiza kuwakumbuka wale waliotufundisha Neno, kuangalia mwenendo wao ulivyoishia, na kuifuata imani yao. Mtume hakutuomba sifa za matanga. Ametuomba tutembee walikotembea wao.

Kwa hiyo leo tuangalie maisha ya mwalimu mmoja. Jina lake ni Eric Liddell.

Alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji wa Tientsin, nchi ya China. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Uskoti. Alisoma Uingereza, kisha kwenye Chuo Kikuu cha Edinburgh, na huko watu waligundua kwamba kijana huyu ana mbio za ajabu. Mwaka wa 1924 alichaguliwa kwenda kwenye michezo ya Olimpiki, mjini Paris. Mbio zake zilikuwa mita 100. Lakini ratiba ilipotoka, aliona kwamba mbio za kuchujana zimewekwa Siku ya Mungu. Akakataa kukimbia. Watu walimsihi, magazeti yakamsema vibaya, lakini hakugeuka. Siku hiyo ya Mungu alikuwa kanisani Paris, anahubiri. Baadaye akakimbia mita 400, ambazo hazikuwa mbio zake, na tarehe 11 Julai akapata medali ya zahabu kwa sekunde 47.6.

Wengi wetu tumekwisha kuisikia hadithi hii, na wahubiri wengi wanaishia hapo. Wanasoma 1 Samweli 2:30, mahali Mungu anapomwambia Eli kwamba anayempa Yeye heshima naye atapewa heshima, halafu wanaonyesha medali: angalieni, hiyo ndiyo heshima yenyewe! Wapendwa, tukiishia pale, tumesoma ukurasa wa kwanza tu.

Mwaka uliofuata, 1925, Liddell akiwa bado na nguvu zote, aliacha sifa za Ulaya akarudi Tientsin kuwa mwalimu wa shule. Alifundisha sayansi na kuongoza michezo ya vijana. Miaka kumi na zaidi alisimama mbele ya ubao, akashika chaki, akasahihisha madaftari. Baadaye akatumwa vijijini, kwenye eneo lenye vita na njaa. Mwaka wa 1941 hatari ilipozidi, alimsafirisha mke wake, mwenye mimba, pamoja na binti zao wawili hadi Kanada. Yeye akabaki na kazi yake. Binti wa tatu alizaliwa huko, na baba hakupata kumbeba hata mara moja.

Mwaka wa 1943 askari wa Japani wakawakusanya watu wa nchi za kigeni na kuwafunga katika kambi ya Weihsien. Zaidi ya watu elfu moja na mia tano walisongamana ndani ya ukuta mmoja, na kati yao watoto wengi waliotengwa na wazazi wao. Sisi hatuhitaji mtu wa kutueleza maisha ya kambi. Wako kati yetu wanaosikiliza maneno haya wakiwa chini ya hema, na wanajua foleni ya maji na foleni ya chakula. Wanajua pia vile kijana asiye na la kufanya anavyoharibika kidogo kidogo.

Ndani ya kambi ile mshindi wa Olimpiki akaendelea kuwa mwalimu. Hakukuwa na maabara, basi akachora vyombo vya kemia kwa mkono wake, mchoro mmoja kisha mwingine, ili watoto wasome wasipotewe na mitihani yao. Fimbo za mchezo wa hoki zilipovunjika, alizifunga kwa vipande vya mashuka. Watoto walimwita Mjomba Eric.

Sasa tusikilize vizuri jambo hili, kwa maana linatugusa sisi watu wa kanisa. Huko kambini Liddell alishika msimamo wake wa zamani: Siku ya Mungu hapangi michezo. Siku moja ya Mungu vijana wakacheza hoki wenyewe, bila mwamuzi, na mchezo ukaisha kwa kupigana. Siku ya Mungu iliyofuata walipotoka tena, nani alisimama katikati ya uwanja kuwaamua? Ni Liddell. Mtu yule ambaye Paris hakukubali kukimbia Siku ya Mungu, wala kwa ajili ya medali wala kwa ajili ya nchi yake!

Je, alirudi nyuma? Sisi tunasema hapana. Paris, kilichokuwa juu ya meza ni sifa yake mwenyewe, na aliiacha kwa ajili ya Bwana. Kambini, kilichokuwa juu ya meza tena ni sifa yake, jina la mtu asiyegusa mchezo Siku ya Mungu. Aliiacha tena, kwa ajili ya watoto waliokuwa wanaumizana. Hatusemi haya ili mtu aache ibada akimbilie uwanja. Tunasema ili tujipime: tunalinda Siku ya Bwana, au tunalinda jina letu mbele ya watu? Kijana akiumia karibu na mlango wa kanisa, tunatoka kumshika, au tunafunga dirisha ili kelele zake zisiharibu maombi?

Kati ya vijana wa kambi alikuwako mmoja, Stephen Metcalf. Katika mafundisho walifika kwenye Matayo 5, mahali Yesu anapotuagiza kuwapenda adui. Vijana wakabisha: neno hilo linawezekanaje, na askari hawa wanaotulinda kwa bunduki? Liddell akawaonyesha kwamba Yesu ameweka pia mlango wa kuingilia: kuwaombea. Mtu huanza kuomba, na katika maombi Mungu hugeuza moyo wa yule anayeomba. Metcalf akaanza kuwaombea askari wa Japani.

Wakati wa baridi kali viatu vya kijana huyo vilikuwa vimekwisha. Liddell akamletea viatu vyake mwenyewe vya mbio, vya zamani, vilivyotengenezwa kwa kamba. Majuma machache baadaye, tarehe 21 Februari 1945, mwalimu akafa kwa uvimbe wa ubongo. Alikuwa na miaka 43. Metcalf alikuwa mmoja wa waliobeba sanduku. Mwezi wa nane mwaka huohuo kambi ikafunguliwa. Mwalimu hakuiona siku ile.

Lakini viatu viliendelea na safari. Mwaka wa 1952 Metcalf alikwenda kuwa mmisionari. Alikwenda wapi? Japani. Alikwenda kwa watu wale waliomfunga, akawahubiri Injili miaka mingi. Hapo, wapendwa, ndipo tunaona heshima Mungu aliyompa mtumishi wake. Medali ilikuwa ya siku moja. Kijana aliyejifunza kumwombea adui, huyo ndiye matunda.

Basi sisi tufanye nini? Tunachukua mambo matatu.

La kwanza, tumheshimu mwalimu akiwa hai. Tangu Septemba 2019 Serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bila malipo, na wengi wetu tukafikiri deni letu limekwisha. Lakini tunawajua walimu wanaofundisha miezi na miezi bila mshahara. Wanasali pamoja nasi. Kila familia imtafute mwalimu mmoja: debe la unga, karo ya mtoto wake, hata viatu. Tusingoje sanduku.

La pili, tuwaheshimu wanaokaa na vijana wetu uwanjani. Kocha anayekusanya watoto jioni kwa mpira mmoja uliochakaa, akiwafundisha kushindwa bila kutukana na kushinda bila kujivuna, anawaokoa na mengi. Wale wanaotafuta vijana wa kuwapa bunduki hawachoki. Tusimwite mtu wa dunia. Tumwombee, na kama hajaokoka, tumwonyeshe Yesu kwa upendo.

La tatu ndilo gumu. Hapa kwetu mtoto anaweza kujua majina ya adui zake mbele ya kujua kusoma. Anayasikia kwa nani? Kwetu, tukiongea jioni nyumbani. Tumepoteza watu, tumepoteza mashamba na nyumba, na machozi yetu ni ya kweli. Mungu anayaona, na haki yake tunaingoja. Lakini kama watoto watarithi kwetu uchungu tu, watavaa viatu vya nani? Usiku huu, mbele ya kulala, tutaje kabila au kundi lile ambalo jina lake linatukaza koo. Tulitaje kwa maombi, mbele ya watoto, kwa sauti wanayoisikia. Kama moyo unakataa, tuanze hivyohivyo. Kijana Metcalf pia alianza na askari wakiwa mlangoni.

Tuombe.

Bwana Yesu, Mwalimu wetu, tunakushukuru kwa wote waliotushika mkono wakatufundisha herufi ya kwanza na sala ya kwanza. Utusamehe kwa wale tuliowasifu kaburini tu. Uwape chakula, afya na mshahara wao walimu walio hai. Uwalinde watoto wetu kambini, masomoni na uwanjani. Na wale tunaowaita adui, leo tunawaleta mbele yako. Utubadilishe sisi kwanza. Katika jina la Yesu, Amina.